Majivu Juu ya Theluji

Hitma ya Bi Zuhura ilisomwa Barking, mashariki mwa London, Jumamosi ya mvua, nyumbani kwa mpwa wake Nassor. Wanawake tulikaa chumba cha juu, viatu vyetu vimepangwa ngazini, vyote vimelowa. Biriani ilipokwisha kupita, mama mmoja aliyekaa ubavuni mwangu, ambaye sikumjua, alishusha pumzi akasema, "Marehemu huyu hakuwahi kumdhulumu mtu katika umri wake wote." Waliokuwepo wakaitikia kwamba ni kweli. Mimi nilikuwa na tonge mkononi, nikalirudisha sahanini. Binti yake Nassor, aliyezaliwa hapahapa, aliniuliza kwa Kiingereza kama niko sawa, nikamjibu kwa Kiswahili kwamba pilipili imenipalia. Haikuwa pilipili. Bi Zuhura alimdhulumu mtu mmoja, na mimi ndiye niliyeianza dhuluma ile. Yeye aliikamilisha kwa kunyamaza. Imepita miaka thelathini. Nimewaosha maiti, nimewazalisha wanawake, nimewapa watu habari mbaya nikiwa nimeshika mikono yao, lakini mwaka ule mmoja bado unanifanya niache chakula katikati.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nasomea uuguzi, na Bi Zuhura, mjane aliyeishi peke yake, alinipa chumba kidogo cha juu katika nyumba yake ya Edmonton, kaskazini mwa London, katika safu ya nyumba zilizoshikana ambazo ukikohoa, jirani anasikia. Chumba kilichokuwa na joto la kweli ni jikoni tu. Hapo ndipo tulipoishi. Asubuhi alipika chai ya maziwa yenye iliki nyingi, akakaanga mkate wa boflo kwa mayai, na tukala bila kuzungumza sana huku dirisha likitoa jasho. Kila Alhamisi jioni aliwasha mkaa juu ya jiko la gesi, akauweka kwenye chetezo na kufukiza udi nyumba nzima, hata makoti yetu yakanuka. Majivu yake hakuyatupa. Aliyatia kwenye kopo la biskuti chini ya sinki, akiniambia kwamba hayo ndiyo ya kusugulia sufuria, si zile sabuni za dukani. Ukuta wa chumba changu na wake ulikuwa mwembamba. Kila baada ya sala ya alfajiri nilimsikia akizungumza. Nilidhani mwanzoni ni dua, kisha nikadhani ni simu ya kwao Pemba, maana alikuwa anasema kidogo, ananyamaza kama anayemsikiliza mwenzake, kisha anasema tena, kwa sauti ya chini yenye upole ambayo hakuwahi kuitumia kwangu wala kwa mtu yeyote niliyemwona naye. Lakini simu ilikuwa chini, ukumbini. Nilipolitambua hilo nilikuwa nimelala kitandani, na nikajifunika blanketi mpaka usoni kama mtoto.

Bi Zuhura alikuwa na shamba. Watu wa mji huu hukodi vipande vidogo vya ardhi ya halmashauri walime mboga, na kipande chake kilikuwa juu kabisa ya kilima, mwendo wa basi mbili na kupanda kwa miguu, mahali penye upepo mkali kiasi kwamba sisi tulipaita mlimani. Alilima vitunguu, kotmiri, maharage, na maboga kwa ajili ya majani yake. Siku zangu za mapumziko nilikwenda naye. Kipande cha jirani, kilichopakana na chetu kwa kamba tu, kilikuwa cha mzee Haidari, Mkurdi mrefu mwenye mgongo ulioinama, aliyetoka milima ya mashariki mwa Uturuki. Kiingereza chake kilikuwa cha maneno ishirini. Yeye na Bi Zuhura walisalimiana kwa salaam alaykum, kila mmoja mkono kifuani mwake, basi. Mimi nilimwogopa. Sina sababu ya kuwapa. Alikuwa na desturi ya kusimama kimya, akiegemea jembe lake, akitazama ardhi kwa muda mrefu kama mtu anayesubiri kuitwa.

Mwaka ule majira ya kuchipua yalikuja yakarudi. Maua ya manjano yalikwisha kufunguka bustanini, watu wameacha makoti mazito, Bi Zuhura amekwisha kupiga matuta yake na kuyasawazisha kwa reki. Kisha theluji ikaanguka siku tatu mfululizo. Chini Edmonton iliyeyuka ikawa tope. Kule juu ilikaa. Tulipopanda siku ya nne, hakukuwa na mtu yeyote kilimani, na kulikuwa na ule ukimya wa theluji ambao mtu akiusikia mara ya kwanza hudhani masikio yake yameziba. Maua yalikuwa yamezikwa, vichwa tu vya manjano vinachungulia. Bi Zuhura alikuwa mbele yangu. Alifika kwenye kamba akasimama, na aliposimama ghafla vile nikamgonga mgongoni.

Juu ya theluji ya kipande chetu kulikuwa na alama mbili nyeusi. Zilikuwa ndefu kama mtu mzima aliyelala, pana kama mabega yake, kingo zimenyooka kana kwamba zimepigwa rula, zimewekwa sambamba na nafasi ya hatua moja katikati. Pembeni yake hakukuwa na unyayo hata mmoja. Theluji yote ilikuwa safi mpaka kwenye uzio. Nilisema, "Bi, turudi." Yeye alizitazama kwa muda. Upepo ulikuwa unaupeperusha mtandio wake na hakuushika. "Zimelazwa sawasawa," alisema. "Angalia. Zimelazwa kama inavyotakiwa." Nilijua anamaanisha nini. Nimewahi kusimama makaburini. Nikamshika mkono nikamvuta, na njia nzima ya kurudi, katika basi zote mbili, uso wake ulikuwa na kitu nilichokichukia, kitu kama furaha.

Siku mbili baadaye nilipanda peke yangu. Nilimwambia nakwenda kuchukua skafu niliyoisahau. Ukweli ni kwamba nilitaka kuona mchana kweupe, jua likiwa limetoka, ili nijicheke. Zile alama mbili zilikuwa zimezama. Theluji ndani yake ilikwisha kuyeyuka, udongo mweusi umetokeza, na kwa kuwa jua lilikuwa linaupiga, ulikuwa unatoa mvuke. Ardhi ilikuwa inapumua. Na chini yake, upande wa miguuni, palikuwa na ya tatu. Ilikuwa mpya. Ilikuwa ndogo, urefu wake kama mkono wangu kuanzia begani mpaka vidoleni, na kingo zake zilikuwa zimelainishwa kwa kiganja, alama za vidole zinaonekana.

Nilipiga magoti. Hapa ndipo ninapotaka kusema kweli yote, kwa sababu kwa miaka mingi nilijisimulia vingine. Niligusa yale majivu meusi, yakanishika kwenye glavu, nikayapeleka puani. Yalinuka udi. Nilikuwa nimeishi na harufu ile miezi saba, ilikuwa kwenye nywele zangu mwenyewe. Nilijua. Kisha nikasimama, nikakitazama kibanda cha mzee Haidari na pipa lake la kuchomea takataka, na nikaamua kutokujua. Nilitaka kitisho kile kiwe na mtu, mtu mwenye uso, asiyekuwa yule aliyenipikia chai asubuhi. Niliteremka mbio mpaka kwenye ofisi ya mbao getini, nikamkuta katibu wa kamati ya bustani, mama wa Kiingereza mwenye nywele nyeupe, anakunywa supu ya kopo. Nikamwambia kwamba mzee Haidari anachora makaburi katika shamba la mjane. Nikamwambia sasa amechora la mtoto. Yule mama aliweka kijiko chini. Alipanda na mimi, akaona kwa macho yake, akapiga picha, na njia nzima ya kushuka alikuwa amenishika mkono.

Mkutano wa kamati ulikuwa Jumapili, ndani ya kile chumba cha mbao, hita ya mafuta ya taa inanuka katikati yetu. Bi Zuhura aliitwa kama mwenye kipande. Alikaa karibu nami, mkoba mapajani. Mzee Haidari alisimama na kofia mkononi. Walimwuliza kama ni yeye. Alisema ndiyo, makubwa mawili ni yeye. Kisha akatafuta maneno yake ishirini, akaonyesha juu kwa kidole. "Nyeusi inakula jua," alisema. "Theluji inakwenda upesi. Kwetu, milimani, kila mtu anafanya. Msimu ukichelewa, majivu. Nilikanyaga juu ya mbao, ili udongo usishindiliwe. Mama huyu ametengeneza matuta mazuri. Nilimsaidia." Watu wakatazamana. Mmoja akauliza, "Na lile dogo?"

"Dogo si mimi."

"Basi ni nani?"

Macho yake yalikuja upande wetu. Sijui yalikaa kwetu muda gani. Nilikuwa natazama hita. Nilipomsikia tena alikuwa amesema, "Sijui," na sauti yake ilikuwa ya mtu anayedanganya, hata mimi niliisikia, na wote mle ndani wakaisikia. Nilimgeukia Bi Zuhura. Alikuwa anafungua na kufunga kishikizo cha mkoba wake, kwa utaratibu, kak, kak. Kamati ilisema kwamba kuingia kipande cha mtu bila ruhusa kumekatazwa, na kwamba kumtisha mjane ni jambo jingine kabisa, na ikampa mpaka mwisho wa mwezi awe ameondoka. Hakubisha. Nilimwona siku aliyoondoka, anateremka kilima na majembe yake ndani ya kitoroli cha sokoni, miche yake midogo juu yake imefunikwa gazeti isipigwe na upepo.

Theluji ilipokwisha kabisa, Bi Zuhura alipanda vitunguu katika yale matuta mawili. Vilichipua wiki mbili kabla ya vya mtu mwingine yeyote kilimani, na watu walikuja kuvitazama, wakasifu. Pale penye lile dogo hakupanda kitu. Alipazungushia kokoto. Na nyumbani, alfajiri, maongezi ya upande wa pili wa ukuta yalikuwa yamebadilika. Yalikuwa marefu zaidi, na asubuhi moja niliweka sikio ukutani nikamsikia waziwazi: "Sasa huoni baridi, eh? Sasa huoni." Kisha akanyamaza, akasubiri, na Mungu anisamehe, akacheka kidogo, kama mtu aliyejibiwa.

Asubuhi ile nilishuka jikoni. Alikuwa anakata boflo. Nilisema kabla sijakaa, "Bi, lile dogo lilinuka udi."

Hakugeuka. "Najua lilinuka. Nilikuona ulivyorudi, umeifua ile glavu mara tatu." Alikata kipande kingine, akakiweka juu ya chenzake, akapaka siagi. "Kaa, mwanangu. Chai itapoa."

Nikakaa. Akaniambia akiwa amesimama, mgongo umeegemea jiko. Kwamba yeye na mumewe walipokuja London, wakikimbia mambo ya kwao, alikuwa na mimba. Mtoto alizaliwa hapa, msichana, akaishi siku thelathini na nane. "Wanaume wakamchukua. Theluji inaanguka kama hii. Sisi wanawake tukabaki nyumbani, ndivyo ilivyokuwa. Mume wangu aliporudi nikamwuliza, mmemlaza wapi? Akaniambia, kwenye theluji. Hilo tu, Sabra. Kwenye theluji. Hakuweza kusema zaidi, na mimi sikuweza kuuliza zaidi, na baadaye akafa na mahali penyewe amekwenda napo." Akajifuta mikono kwa upindo wa kanga ingawa ilikuwa mikavu. "Kila mwaka ikianguka nasema, yule mtoto anaona baridi. Kila mwaka. Nilipopanda mlimani kesho yake, bila wewe, nikaona ardhi inatoa mvuke. Nikasema, kumbe inawezekana kuipasha moto. Asubuhi iliyofuata, kabla yako, nikarudi na kopo langu la majivu."

"Mbona hukusema kule mkutanoni?"

"Ningesema nini mbele ya watu wale? Jina lake sijalitamka hata mbele ya babake." Kisha akanitazama, na hapo ndipo aliponiuliza swali ambalo nililijua linakuja. "Na wewe uliyenusa? Mbona hukusema?"

Nikanywa chai yangu. Leo jibu ninalo, ingawa si zuri. Nilikuwa naogopa kuishi nyumba moja na huzuni ya namna ile, na ilikuwa rahisi kumfukuza mzee mmoja kilimani kuliko kuhama chumba changu. Wodini nimewaona vijana wauguzi wakifanya hivyohivyo: mgonjwa analia jambo lisiloeleweka, nao wanatafuta upesi wa kumlaumu, mlinzi, jamaa, mgonjwa wa kitanda cha pili. Huwa siwakaripii. Huwavuta pembeni nikawaambia wakae kidogo na kile kinachowatisha.

Jumapili iliyofuata tulikwenda kwenye kamati, wote wawili. Bi Zuhura alizungumza kwa Kiswahili, amesimama, na mimi nikatafsiri. Ilibidi nitafsiri na yaliyonihusu. Alisema, "Binti huyu alijua," na mimi nikasema kwa Kiingereza, mbele ya watu kumi na moja, kwamba binti huyu alijua. Yule katibu alivua miwani akaishika muda mrefu. Lakini kipande cha mzee Haidari kilikuwa kimekwisha kupewa mume na mke vijana, nao wamekwisha kukilima. Bi Zuhura akasema basi nusu ya chake ni cha mzee yule, waandike hivyo. Wakaandika.

Kumpata kulichukua wiki nzima. Mwenye duka la mboga la Wakurdi, barabarani kwetu, alitutazama kwa mashaka mpaka Bi Zuhura aliposema tunakwenda kuomba msamaha, ndipo akatuelekeza nyumbani kwake mzee Haidari. Ilikuwa ghorofa ya tisa. Lifti haikufanya kazi na Bi Zuhura alipumzika kila ghorofa. Mke wa mzee Haidari alitufungulia, mwanamke mnene mwenye macho ya kijivu, akatuketisha sebuleni bila kuuliza sisi ni nani, akaleta chai ya rangi katika bilauri ndogo, mkate, jibini nyeupe, zeituni, nyanya zilizokatwa. Nje, kwenye kibaraza chembamba, ile miche iliyofunikwa gazeti ilikuwa imekuwa mikubwa, imebanana ndani ya ndoo, inagonga kioo kila upepo unapovuma. Mzee Haidari aliingia kutoka chumbani akiwa na soksi tu. Alipotuona aliweka mkono kifuani, kama zamani.

Nilianza hotuba yangu niliyoitayarisha. Aliinua kiganja, akaninyamazisha taratibu, akamgeukia Bi Zuhura. "Nilikuona," alisema. "Asubuhi mapema. Mimi nilikuwa kibandani. Ulipiga magoti na kopo. Ulikuwa unazungumza nalo." Alitafuta neno, akamwuliza mkewe kwa lugha yao, mkewe akatikisa kichwa, hakuwa nalo. "Nikarudi ndani. Nikafunga mlango. Si langu kusema."

Nilitafsiri. Nilipomaliza, Bi Zuhura alikuwa ameshika bilauri kwa mikono miwili na chai inamwagika vidoleni, haungui au hajali. Mkewe mzee Haidari aliichukua bilauri, akamfuta mikono kwa taulo ya jikoni. Mzee akauliza, polepole, jina la mtoto nani.

Nje miche iligonga kioo. "Raya," alisema Bi Zuhura. Mzee Haidari akarudia, "Raya." Na mkewe, aliyekuwa bado amemshika mikono, akarudia pia, kwa lafudhi ya kwao, herufi ya kwanza imekunjwa kidogo. Bi Zuhura akaitazama midomo yao. Kisha akaanza kula. Alikula mkate, jibini, nyanya, akaongezwa akala tena. Sijapata kumwona akila vile nyumbani kwa mtu.

Walilima pamoja kuanzia mwezi ule, mzee upande wa juu, yeye upande wa chini, bila kamba katikati, na maneno yao hayakuongezeka sana. Alfajiri upande wa pili wa ukuta pakawa kimya. Nilidhani kimya kile kingenifurahisha, lakini wiki za mwanzo nililala macho wazi nikikisikiliza.

Theluji ya mwaka ule mpya ilianguka mapema, kabla ya mtu yeyote kupiga matuta, kabla hata ya kuwaza majivu. Tulikutana getini sisi watatu, tukapanda pamoja, mzee akitangulia kuvunja njia. Ilikuwa imefika magotini na hakuna aliyekuwa amepita tangu ianguke. Mwenye ufunguo wa geti asubuhi ile alikuwa mzee mwenyewe, na tulikuwa wa kwanza. Kilima chote kilikuwa cheupe, vibanda, uzio, miti. Mahali pamoja tu palikuwa wazi. Pale padogo, ndani ya zile kokoto, udongo ulikuwa mweusi, umelowa, kingo zimenyooka, na mvuke unapanda wima kwa sababu upepo ulikuwa umekatika. Mzee Haidari alimtazama Bi Zuhura. Bi Zuhura alinitazama mimi. Mimi nikatikisa kichwa kwamba si mimi, na nilipomtazama mzee, naye akatikisa chake. Nimesoma sayansi, najua habari za mabomba yanayopita chini ya ardhi na mboji inayochemka, na nimejaribu yote hayo, hakuna linalotosha. Bi Zuhura alichuchumaa, akavua glavu, akaweka kiganja chake juu ya udongo, akakiacha hapo.

"Una joto," alisema.

Tukasubiri mpaka alipokuwa tayari kuinuka.